Kuchagua Stendi Ndogo ya Kamera Nzito

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya vijana wapigao picha katika Lopur, Kakuma na Lodwar, katika Turkana. Twayachapa hapa kwa faida ya wasomaji wote wenye kutumia kamera.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya chombo ambacho watu hukinunua mwisho, fedha zikiwa zimekwisha, hali chastahili kufikiriwa mapema. Chombo hicho ni stendi ya miguu mitatu, ambayo wengi siku hizi huiita tripodi. Sitasema juu ya stendi za kila namna. Nitasema juu ya ile iwahusuyo ninyi: stendi iliyo fupi inapokunjwa, yenye kuchukulika mgongoni au juu ya pikipiki, na ambayo hata hivyo itabeba kamera nzito bila kutikisika wala kuanguka.

Mambo hayo mawili hayapatani kwa urahisi. Kitu chepesi na kifupi hupenda kuwa chembamba, na kitu chembamba hupenda kutetemeka. Mwenye duka atakuambia ya kwamba stendi yake ni ndogo, ni nyepesi, ni ndefu, ina nguvu, tena ni rahisi. Msimwamini. Katika sifa hizo tano hapana budi moja au mbili ziachwe. Shauri langu la leo ni kuwaonyesha ni ipi mnayoweza kuiacha ninyi watu wa Turkana bila kupata hasara kubwa.

KWA NINI TUJISUMBUE

Huenda mtu akauliza, je, si yafaa kushika kamera kwa mikono tu? Mara nyingi yafaa. Mpiga picha wa habari anayefuata tukio linalokimbia hana nafasi ya kufungua miguu mitatu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu mwezi wa Oktoba 1984, alikuwa mtu wa kazi ya namna hiyo, ya kufika upesi na kupiga upesi.

Lakini kazi nyingi mnazozifanya hapa ni za namna nyingine. Mnarekodi wazee wakieleza habari za koo zao na mifugo yao, na mazungumzo hayo huchukua saa nzima. Mnapiga picha za jioni, jua likiwa limekwisha kushuka na mwanga ni haba. Mnapiga mawe yaliyosimamishwa Namoratunga, kando ya njia ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol, na nyota za anga hili ambalo halina taa za mji mkubwa za kulififiza. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, shirika la FilmAid lilianza kazi zake za sinema mwaka 2001, na mwezi wa Desemba 2008 wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao liitwalo KANERE. Kwa hiyo kamera si kitu kigeni hapa. Kilichopungua mara nyingi ni mahali imara pa kuiweka.

Mpigaji wa zamani alikuwa na kanuni nyepesi. Ukishika kwa mkono lenzi ya milimita 200, usipige kwa muda unaozidi sehemu moja ya 200 ya sekunde; na kama lenzi ni ya milimita 50, usizidi sehemu moja ya 50. Lenzi za siku hizi zina mtambo wa kutuliza mtikisiko, nao husaidia sana, lakini hautoshi kwa picha ya sekunde nzima, wala hautampumzisha mtu aliyeshika kilo mbili na nusu kwa saa moja.

Tena kuna jambo la hasara. Kamera nzito na lenzi yake ni mali kubwa. Mara nyingi si ya mtu mmoja: imenunuliwa na chama, au imeazimwa. Ikianguka juu ya mawe, haikuvunjika kamera peke yake. Imevunjika kazi ya watu kumi. Na mzee aliyekubali kusema leo huenda mwakani hayupo. Picha yake ikiwa na ukungu kwa sababu ya mguu uliotetemeka, haitapatikana nyingine.

MAFIGA MATATU

Wahenga walisema ya kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mama zetu wanajua zaidi ya hayo: wanajua ya kwamba mafiga yakiwa matatu, chungu hutulia hata kama ardhi ni ya mabonde. Meza ya miguu minne ikiwekwa mahali pabaya, mguu mmoja huning'inia na meza huyumba. Miguu mitatu haiyumbi hata siku moja, kwa sababu ncha tatu hugusa ardhi zote pamoja, iwe ardhi ya namna gani. Hii ndiyo sababu wapiga picha wa kwanza wa pwani, na kamera zao za sanduku la mbao, waliziweka juu ya miguu mitatu ya mti.

Miguu ile ya zamani ilikuwa minene na mizito, na mti una tabia njema ya kumeza mtikisiko upesi. Aibu yake ilikuwa moja tu: haikukunjika ikaingia mfukoni. Sisi twataka uimara ule ule, lakini mzigo uwe mdogo.

KWANZA PIMA KAMERA YAKO

Msinunue stendi kabla ya kujua uzito wa kamera. Ichukue kamera na lenzi yako kubwa kuliko zote, na maikrofoni, na taa ikiwa unayo, kisha umwombe mwenye duka la sukari akupimie juu ya mizani yake. Kamera kubwa ya kawaida ni kama kilo moja. Lenzi nene ya milimita 70 hadi 200 ni kama kilo moja na nusu. Jumla ni kilo mbili na nusu, kabla hujaongeza kitu kingine.

Kisha tazama uzito ambao stendi imeandikiwa kuubeba. Kanuni ya wapiga picha wengi ni kutaka uzito huo uwe mara mbili au mara tatu ya kamera. Kwa kilo mbili na nusu, basi, usikubali stendi iliyoandikiwa chini ya kilo saba au nane.

Lakini sikilizeni vizuri. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wamekubaliana kukitumia. Huyu huandika uzito ambao stendi haitavunjika. Yule huandika uzito ambao kichwa hakitateleza. Kutovunjika na kutotetemeka ni mambo mawili mbalimbali. Tawi la mgunga halitavunjika mtoto akiliketia, walakini litanesa. Kamera haitaki kunesa hata kidogo. Ikiwa lenzi ni ya milimita 200, na kamera ni ya kisasa yenye nukta milioni 24, basi ncha ya lenzi ikisogea sehemu ya kumi tu ya unene wa unywele, picha imekwisha kuhama nukta nzima. Kwa hiyo maandishi ya karatasi yasomeni, lakini uamuzi uwe wa macho na mikono yenu.

MIGUU: UNENE NDIO NGUVU

Mguu wa stendi ya kukunjwa ni mabomba yaingianayo, kama pingili za muwa ambazo kila moja yaingia ndani ya mwenzake. Stendi nyingine zina pingili tatu kwa kila mguu, nyingine nne, nyingine tano. Kadiri pingili zinavyozidi, ndivyo stendi inavyokuwa fupi ikikunjwa. Lakini ndivyo pingili ya chini inavyokuwa nyembamba, na ndivyo viungo vya kulegea vinavyoongezeka. Kwa kamera nzito, nasema pingili nne zatosha. Pingili tano zichukuliwe na mtu ambaye bomba lake la juu ni nene sana.

Sasa nitawapa hesabu ndogo, nayo ndiyo moyo wa mazungumzo haya. Bomba lenye upana wa milimita 28 na bomba lenye upana wa milimita 22, zikiwa na ukuta wa unene mmoja na urefu mmoja, hazitofautiani kidogo kama jicho linavyodhani. Lile la 28 lina ugumu wa mara mbili wa lile la 22. Upana ukiongezeka mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Urefu nao hufanya kinyume: mguu ukirefushwa kwa robo moja tu, kupinda kwake huwa karibu mara mbili.

Maana yake ni nini? Fikirini stendi mbili dukani, zenye uzito mmoja, zote zikikunjwa zapata sentimita 45. Ya kwanza ina mabomba membamba na husimama mpaka sentimita 160, kimo cha mtu. Ya pili ina mabomba manene na hufika sentimita 120 tu. Wanunuzi wengi watachukua ya kwanza, kwa kuwa ni ndefu na wanadhani wamepata zaidi kwa fedha zao. Mwenye kamera nzito na achukue ya pili.

KIMO NDICHO CHA KUACHA

Hapo ndipo desturi za nchi hii zinapotusaidia. Tazameni jinsi watu wanavyoketi wakizungumza. Wazee huketi chini ya mti, kila mmoja juu ya ekicholong yake, ambayo ni kigoda kidogo kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, mchana ni kiti na usiku ni mto wa kuwekea kichwa. Mama huketi juu ya ngozi au mkeka. Mtu aliyeketi hivyo, macho yake yako kama sentimita 80 au 90 kutoka ardhini. Kamera inayomtazama kutoka kimo cha mtu aliyesimama humfanya mzee aonekane kama mtoto anayekaripiwa. Kamera iliyo sawasawa na macho yake humpa heshima yake.

Basi kwa kazi hiyo stendi ya sentimita 120 inazidi mahitaji. Na kwa nyota, mawe, mbuzi, na soko la samaki, kimo hicho chatosha; ukitaka kutazama, piga goti au ukae. Siku chache za mwaka, pengine katika mkutano wa hadhara, mtatamani kimo zaidi. Siku hizo pandeni juu ya gari au kisiki. Yafaa kukosa kimo mara chache kuliko kukosa uimara kila siku.

Ekicholong yenyewe ni mwalimu mzuri. Ni fupi, ni nyepesi, huchukuliwa mkononi kutwa nzima, na mtu mzima huikalia bila hofu. Aliyeichonga hakuipa urefu. Alipunguza kila kitu isipokuwa nguvu.

NGUZO YA KATI

Stendi nyingi zina nguzo katikati ambayo huvutwa juu ili kamera ipande. Ni kishawishi kibaya. Ukiisha kuivuta, stendi yako si ya miguu mitatu tena. Ni ya mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu. Nguzo iliyotolewa sentimita 30 hupinda mara nane zaidi ya ile iliyotolewa sentimita 15, kwa msukumo ule ule. Ukiweza kupata stendi isiyo na nguzo, au yenye nguzo ya kuondolewa, ichukue. Itakuwa nyepesi zaidi, tena itaweza kushuka karibu na ardhi. Ikiwa inayo, iache chini. Na dukani, unapoambiwa kimo cha stendi, uliza: Je, hicho ni kimo pamoja na nguzo, au pasipo nguzo?

KICHWA NA BAMBA

Juu ya miguu kuna kichwa, ambacho ndicho hushika kamera na kuigeuza. Kwa picha za kusimama, kichwa cha gololi ni kifupi na chepesi, nacho chafaa. Angalieni gololi yenyewe iwe kubwa. Kwa kamera ya kilo mbili na nusu nisingependa gololi ndogo kuliko milimita 35. Kaza kifungio, weka kamera yenye lenzi nzito, uielekeze chini kidogo, kisha uondoe mkono taratibu. Ikiwa kamera inainama polepole baada ya kukazwa, kichwa hicho hakikufai.

Kwa sinema, kichwa cha gololi hakitakuridhisha. Huko hutakiwa kichwa chenye mkono mrefu, ambacho ndani yake kuna mafuta mazito yanayolainisha mwendo. Ni kizito zaidi, na anayetengeneza filamu hana budi kuukubali uzito huo.

Skrubu inayoingia chini ya kamera karibu zote ni ya robo inchi. Ile inayounganisha kichwa na miguu mikubwa ni ya thumni tatu za inchi. Bamba linalofungwa chini ya kamera liwe la mtindo wa Arca-Swiss, ambao umeenea sana, ili likipotea mpate jingine bila kununua kichwa kipya. Nunueni mawili tangu mwanzo. Kamera bila bamba lake ni kama jembe lisilo na mpini.

ALUMINI AU KABONI

Mabomba ya stendi huwa ya alumini au ya nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyepesi, na hutuliza mtikisiko upesi zaidi. Lakini bei yake ni kali, na ikipigwa kwa nguvu juu ya jiwe huweza kupasuka, wala hapana fundi atakayeiunga. Alumini ni nzito kidogo, hushika moto juani, lakini ikipinda fundi wa jua kali aweza kuinyoosha hata ikatumika tena. Mwenye kwenda mbali kwa miguu na mwenye fedha, na anunue kaboni. Kwa chama kinachoazimana stendi, ambayo leo iko kwa huyu na kesho iko kwa yule, naona alumini nene ni bora. Kaboni nyembamba haishindi alumini nene.

UPEPO, MCHANGA NA LAGA

Hakuna mtu wa Turkana anayehitaji kuambiwa habari za upepo. Wataalamu wawili wa hali ya hewa, Kinuthia na Asnani, waliandika mwaka 1982 juu ya mkondo wa upepo mkali upitao katika uwazi ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na mkondo huo wakaupa jina la Turkana. Upande wa mashariki wa Ziwa, karibu na Loiyangalani, upepo wa eneo hili huzungusha mitambo 365 ya umeme iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Upepo wenye kugeuza mapanga ya namna ile hautashindwa kuangusha kamera yenu. Tena kumbukeni ya kwamba mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, msukumo wake huzidi mara nne.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Upepo ukianza, punguzeni kimo mara moja. Ingizeni kwanza pingili za chini, zilizo nyembamba, na kuacha zile nene za juu. Panueni miguu. Mguu mmoja uelekee mbele, chini ya lenzi, ili uzito usiivute stendi ikaanguka kifudifudi. Ondoeni mkanda wa kamera, kwa maana hupepea kama bendera na kuitikisa. Jazeni kiroba kidogo mchanga, mkitundike katikati ya miguu hata kiguse ardhi. Kikining'inia hewani kitabembea na kuongeza taabu. Uzuri wa kiroba ni kwamba hukichukui safarini: mchanga uko kila mahali.

Katika mchanga laini miguu huzama polepole, na picha ya dakika moja huharibika ijapokuwa hakuna upepo. Chini ya kila mguu wekeni jiwe bapa, au kifuniko cha kopo, au kipande cha ubao. Bonyezeni stendi kwa viganja mpaka isizame tena, ndipo mfunge kamera. Na wakati wa kupiga msibonyeze kitufe kwa kidole. Tumieni saa ya kamera ya sekunde mbili, ili mtikisiko wa mkono uwe umekwisha. Ule mtambo wa kutuliza mtikisiko uzimwe kamera ikiwa juu ya stendi, isipokuwa kitabu cha lenzi kikisema vingine.

Kuhusu Tarach na laga nyinginezo, nina neno la kuonya. Kitanda cha laga kavu ni mahali pazuri pa picha, kina mchanga mweupe na miti ya kivuli kandokando. Lakini maji yake hutoka mbali, na huweza kushuka hapa bila tone moja la mvua kuanguka juu ya kichwa chako. Mawingu yakiwa meusi upande wa milimani, toka upesi, na stendi ikikawia kukunjika, iache.

KUJARIBU DUKANI

Wengi wenu mtanunua Nairobi, au Kitale, au mtanunua kitu kilichokwisha tumika. Msinunue kwa picha tu ikiwa mnaweza kukishika. Nendeni na kamera yenu wenyewe. Ifungueni stendi mpaka mwisho, mwache nguzo chini. Bonyezeni juu yake kwa kiganja kwa nguvu: hakuna pingili iliyopaswa kuteleza. Shikeni kichwa mkizungushe kulia na kushoto kama mnaofungua chupa: miguu isipindane. Kisha fungeni kamera na lenzi ndefu, mtazame katika kioo chake kitu kilicho mbali, mkikuze sana, na kupiga mguu mmoja kwa ncha ya kidole. Hesabuni. Picha ikitulia kabla hamjasema "mbili", stendi ni nzuri. Ikiendelea kucheza mpaka "tano", irudisheni kwa adabu.

Fungueni na kufunga kila kibanio mara kumi. Vibanio vya kusokota huingiza vumbi kidogo na havikwami katika kamba. Vya kubana huonekana kwa macho kama vimefungwa ama sivyo. Vyote vyafaa vikiwa imara. Visivyofaa ni vya plastiki laini.

Na kama fedha ni chache, shaurianeni. Vijana watatu wakinunua kila mmoja stendi yake nyembamba, wana stendi tatu mbaya. Wakichanga katika chama wakanunua moja nene, wana moja nzuri, na daftari la kuazimana itawatosha kuzuia ugomvi.

KUTUNZA NA KUCHUKUA

Vumbi ni adui wa viungo. Kabla ya kukunja, pangusa kila pingili kwa kitambaa kikavu, ukianzia juu. Kila mwezi ifungue yote, uyafute mabomba, uirudishe. Ukiwa umesimamisha stendi ndani ya Ziwa Turkana, ambalo maji yake yana magadi, isuuze kwa maji matamu siku ile ile. Kati ya Lodwar na Kakuma, zaidi ya kilomita mia, stendi ifungwe kwa urefu wa pikipiki, isikingame njia, wala kamera isiachwe juu yake hata kwa hatua chache.

Neno la mwisho ni la adabu. Mtu akikuona na kamera mkononi, hudhani unapita. Akikuona unafungua miguu mitatu, ajua umekusudia kukaa. Kwa hiyo omba ruhusa kwanza: kwa mzee mwenye mti, kwa mama mwenye nyumba, na ndani ya kambi kwa wakuu wanaohusika. Na ukiisha kuisimamisha, usiiache peke yake. Mbuzi hana habari ya bei ya lenzi.

Basi nafupisha. Pima kamera yako. Chagua unene wa mguu kabla ya urefu. Acha kimo, acha nguzo ya kati, usiache uimara. Jaribu kwa mikono yako, na mchanga wa nchi yako uwe mzigo wako. Mkifanya hivyo, wajukuu wataweza kuwatazama wazee wa Lopur usoni, na kila kunyanzi litaonekana.